Makaa Yasiyo na Moshi

Kabla sijasema lolote, naomba muangalie mikono yangu. Haitetemeki. Basi Mungu apewe sifa zake, na mimi nieleze.

Mimi ni Mama Gloire, mtu wa Bukavu, Kongo. Nasuka nywele hapa Durban, mjini kati. Wanaonijua wanajua: mikono yangu ilikuwa na mbio. Mteja anakaa, tunapiga stori, kabla hajamaliza kumsengenya wifi yake, kichwa kimekwisha. Mume wangu anapakia mizigo depo kule Mobeni, lakini ile kazi leo iko, kesho haiko. Kwa hiyo nyumba yetu ilikuwa inakula kwa vidole vyangu.

Jumamosi asubuhi sisi wamama tulikuwa tunaomba kwenye garaji ya Gogo, kule Berea. Gogo ni mwenye nyumba, bibi wa Kizulu, mkali kweli. Kila mara anagonga ukuta: "Punguzeni kelele! Mungu wenu ni kiziwi?" Kwa kumheshimu tukaanza kufunga mlango kwa komeo na kuziba nyufa zote kwa matambara, sauti isitoke.

Mwezi wa saba baridi ikaja na mvua. Nyie mnaosema Durban haina baridi, njooni mkae kwenye sementi ya ile garaji! Tukabishana kuhusu hita. Ya umeme ilikuwepo, lakini ile siku umeme ulikatika. Ya parafini inanuka, unatoa machozi hata kabla ya kutubu. Ya gesi wote tuliiogopa, chupa ikilipuka je? Mama Pasta, mke wa mchungaji wetu, akamaliza maneno: "Tuwashe mbabula. Si ndiyo ilitulea?"

Kweli ilitulea. Kwetu unawasha jiko la makaa nje, unapepea, unangoja moshi uishe. Makaa yakiwa mekundu, unaingiza ndani. Kila mama wa kwetu anajua kwamba kibaya ni moshi. Tukafanya vilevile, kama mama zetu walivyotufundisha. Joto likaja zuri, halina harufu hata kidogo. Nikawacheka moyoni wanaonunua hita.

Tukaimba. Kichwa kikaanza kunigonga, kama kimefungwa kitambaa na mtu anakaza. Nikadhani ni njaa, maana tulikuwa tumefunga. Moyo ukaenda mbio. Mama mmoja akaanguka. Akaanguka wa pili. Nanyi mnatujua sisi: mtu akianguka kwenye maombi, tunafurahi! Mama Pasta akapaza sauti: "Roho ameshuka! Pokea, mama, pokea!"

Mimi nikapokea. Nikaanguka chini, nikatapika, nikajikojolea. Nikawa naona mdomo wa Mama Pasta unacheza lakini simsikii. Halafu na yeye akakaa chini polepole, akalala ubavu. Kutoka hapo sijui kitu.

Aliyetuokoa ni Gogo. Alituambia baadaye: "Siku zote mnanipigia kelele. Ile siku mkanyamaza ghafla, nikaogopa." Aligonga, akaita, "Vulani! Fungueni!" Kimya. Akaita majirani, wakavunja komeo, wakatuburuta nje kwenye mvua.

Nilizinduka hospitali, nimefungwa oksijeni puani na mdomoni. Daktari akaniuliza, "Mlikuwa mnawasha nini mle ndani?"

"Makaa, dokta. Lakini moshi wote ulikuwa umeisha."

Akatikisa kichwa. "Mama, makaa mekundu yanatoa gesi ya sumu. Haina rangi, haina harufu. Moshi ungewakohoza, mngetoka. Gesi hii inakulaza tu."

Eish! Makaa, rafiki yangu wa utoto!

Tulipona sote, hakuna aliyezikwa. Nikarudi nyumbani nacheza. Baada ya wiki chache, nikiwa kazini, mikono ikaanza kutetemeka. Nywele zinaniponyoka. Nasuka mstari, katikati nasahau naupeleka wapi. Nyumbani nikatia chumvi kwenye chai. Mteja mmoja alijitazama kwenye kioo, akainuka, akaenda kukaa kwa msusi jirani yangu. Hiyo iliniuma kuliko hospitali. Niliogopa, nasema wazi. Bila vidole hivi, watoto wangu wangekula nini?

Daktari akasema, "Ubongo ulikosa hewa. Kwa wengine madhara huja nyuma hivi. Usikae bure, ipe mikono kazi kila siku, na uje tukuangalie."

Mume wangu akajitolea: "Nisuke mimi."

"Baba Gloire, na upara huo nisuke nini?" Tulicheka mpaka tukalia kweli.

Ndipo binti yetu Gloire akakaa kwenye kigoda. Nasuka, nafumua, nasuka tena. Alienda shule na mistari iliyopinda kama njia ya mbuzi. Wenzake walipomcheka, akawajibu, "Ni fasheni mpya, mtaiomba." Pole kwa pole mistari ikanyooka. Siku moja akarudi na habari: mwalimu wake anauliza msusi wake ni nani. Nikapiga magoti palepale jikoni.

Sasa nisikilizeni, hasa mnaokaa au kufanya kazi kwenye garaji. Makaa ni ya nje, hata yakiwa mekundu namna gani. Parafini na gesi nazo zinakula hewa, kwa hiyo acha wazi dirisha au mlango, na usilale zikiwaka. Hita ya umeme haitoi gesi hiyo. Umeme ukikatika, vaa koti, omba kwa kifupi. Na kichwa kikikuuma, na mwenzako kinamuuma, msitafute nani ana pepo. Tokeni nje!

Bado tunaomba kwa Gogo. Matambara tuliyatupa, na yeye mwenyewe anasema, "Imbeni, nataka kuwasikia." Jumamosi iliyopita dada mmoja mgeni alianguka. Kabla mtu hajasema haleluya, mikono hii ilishasukuma mlango, uko wazi wote. Yule dada akanikazia macho kutoka chini: "Mama, mbona unafungua? Huyu ni Roho!"

Nikamwambia, "Kama ni Roho, mwanangu, atabaki. Kama ni gesi, itoke."