Vibao vya Asubuhi

Tak, tak: ndivyo vinavyolia vibao vya namba kila asubuhi ukutani, katika duka la kubadilishia fedha. Karani huvigeuza akiwa ameipa foleni mgongo, saa ya kiume ikimpwaya mkononi. Msimu huu walio ng'ambo wametuma kwa wingi, na dola zilipojaa, bei yake ikashuka.

Leo bibi mmoja alizihesabu noti alizopewa, akazirudisha dirishani.

"Mwanangu, mbona pungufu? Dola ni zile zile."

"Ni zile zile, bibi. Ila pesa yetu imepata nguvu."

"Ipate nguvu yenyewe, mimi niishiwe? Mbona unga haujashuka?"

Foleni ikacheka. Karani alizilainisha noti kwa kiganja, taratibu, kama anayenyoosha shuka la mgonjwa, akamrudishia.

Bibi akashusha pumzi. "Basi nitamwambia mjukuu wangu aongeze zamu ya usiku huko kiwandani."

Karani aliishika ile saa, akainama hadi paji la uso likagusa kioo.

"Usimwambie, bibi," alisema kwa sauti ya chini sana. "Mume wangu nilimwambia. Wakamrudisha ndani ya sanduku."