Orodha ya Waliolipia Basi

Mwaka wangu wa pili chuoni Iringa, katika miaka ile ya sabini, nilipewa kazi ya kushika orodha ya basi. Chuo chetu cha ualimu kilikuwa nje ya mji, ukishapita Kihesa, na muhula wa mazoezi ya kufundisha ulipofika, kila mwanafunzi alitakiwa kutoa mchango wa usafiri. Mchango ule ndio uliomfanya mwenye basi akubali kulifikisha getini kwetu kila asubuhi. Watu wa Kihesa walipanda humo humo kwa nauli yao. Sisi tulipanda kwa majina. Nilisimama mlangoni na daftari, nikisoma jina la aliyelipa ndipo aingie.

Jina la rafiki yangu halikuwamo. Tulitoka wote Iyunga, Mbeya, kwao na kwetu pametenganishwa na shamba la mahindi, na chuoni yeye alilala kitanda cha juu, mimi cha chini. Baba yake alikuwa amefariki mwaka ule ule, mama akabaki na wadogo zake watano. Kwa hiyo alitembea. Aliamka kabla yetu, akavaa kandambili, viatu mkononi, akaupanda mlima kwenda shule ya mjini alikofundisha. Basi lilimpita karibu kila siku. Mwanzoni nilimpungia mkono dirishani. Baadaye nikawa naangalia upande mwingine.

Masika yalikuja na baridi yake, akaanza kukohoa. Jumatatu moja nilimkuta getini amejifunga kitenge kichwani, midomo imemkauka.

"Leo nisaidie," aliniambia kwa sauti ya chini. "Siwezi kutembea, mwenzangu. Kifua kinanibana."

Kabla sijajibu, mmoja nyuma yake akapaza sauti, "Asiyelipa asipande! Sisi wazazi wetu wameuza mbuzi!"

Wengine wakaitikia. Mwalimu wetu mlezi, aliyekuwa amekaa kiti cha mbele, aligeuka kunitazama, akarudi kutazama mbele. Ningeweza kusema huyu anaumwa. Ningeweza kumlipia nauli kama mtu yeyote wa Kihesa. Nilikuwa na sumni mfukoni, senti hamsini nilizoweka za sabuni. Nikainamia daftari kana kwamba sijui kilichoandikwa humo.

"Jina lako halipo," nikamwambia.

Alisogea kando, wengine wakapita.

Alifika shuleni amelowa chapachapa kwa mvua, akafundisha kipindi cha kwanza cha hesabu. Cha pili akaanguka mbele ya watoto. Hospitalini walisema ni homa ya mapafu. Nilikwenda kumwona Jumanne, akaomba maji, nikamnywesha. Nilitaka kumwomba radhi, lakini mgonjwa wa kitanda cha jirani alikuwa akitusikiliza, nikaona haya. Nikajiambia nitasema kesho. Jumatano asubuhi nilikuta kitanda kimetandikwa upya, hakuna mtu.

Chuo kikapata lori, na kwa kuwa nilijua kwao, nikaambiwa niusindikize mwili hadi Mbeya. Nilikaa kutwa nzima kando ya jeneza, turubai likivuja.

Baada ya mazishi mama yake aliniita chumbani, akafunga mlango.

"Mwanangu, wewe ndiye ulikuwa naye. Ilikuwaje?"

Nilimweleza yote, hata ile sumni. Alisikiliza huku akikunja nguo za binti yake, moja baada ya nyingine. Nilipomaliza, akauliza, "Kwa hiyo alikuomba wewe?"

"Ndiyo, mama."

Aliendelea kukunja. Kisha akaniambia niende nikale, safari ya kurudi ni ndefu.

Chuoni nilimrudishia mwalimu mlezi daftari lake. Alilipokea, na kesho yake mwingine akasimama mlangoni. Likizo zote zilizofuata nilikutana na yule mama kisimani. Aliitikia salamu yangu, akajitwika ndoo yake, akaondoka. Hakuniita tena "mwanangu".