Nenosiri la Dirishani

Ndugu zangu, nasimulia huku nimejifunika uso. Nina duka la fotokopi hapa Tunduma, kando ya foleni ya malori. Kila siku madereva walijazana nje ya dirisha langu, nami nikaamini wananipenda. Nikawawekea hadi benchi.

Jana intaneti iligoma kabisa, nikatoka nje kuilalamikia kampuni ya mtandao kwa simu. Dereva mmoja Mkongo, mtu mzima, akanionea huruma.

"Bosi, angalia pale."

Ruta yangu ya Wi-Fi, pale dirishani! Kibandiko chenye nenosiri la kiwandani, ambalo sijawahi kulibadili, kilitazama barabarani.

"Sisi tunapewa hilo nenosiri tukiwa bado Lubumbashi," akasema kwa heshima.

Nilishika mdomo. Nenosiri langu limefika Lubumbashi, mwenyewe nimeishia Nakonde, hapo ng'ambo ya mpaka!