Ndevu za Fundi Sikio

“Siku risiva hii ya redio ikinyamaza nami niko hai, ninyoeni ndevu kwa wembe mkavu, mbele za watu.”

Maneno hayo aliyasema Fundi Sikio akiwa na sahani mkononi na watu arobaini mbele yake, siku kaka yake alipohamia nyumba yake mwenyewe. Watu walipiga makofi. Walikuwa wameshiba, na mtu aliyeshiba hupigia makofi hata taarifa ya mkutano ulioahirishwa. Lakini majigambo yale yalikuwa na mguu wa kusimamia. Nyaya zote za nyumba ile walizipitisha wao wawili, siku tatu darini, wakitambaa kama panya wenye vitambi. Na jina la Sikio hakujipa. Alipewa kwa sababu aliweza kusimama mlangoni, akaisikiliza redio inayokoroma ndani, akataja kilichoharibika kabla hajakaribishwa kiti.

Miaka kumi na tisa ikapita. Kaka akatangulia mbele ya haki, ndevu zikawa nyeupe, na asubuhi moja simu ikalia. Alikuwa shemeji yake, mjane wa kaka.

“Njoo na wembe wako.”

“Kuna nini?”

“Redio yako imekata kauli. Taa inawaka, sauti hakuna. Watoto wameniletea spika mpya, nyembamba kama rula. Mnunua vyuma chakavu anapita saa sita. Ikifika saa sita haijasema, inapanda mkokoteni.”

Alifika saa nne na mfuko wake wa bisibisi. Risiva ilikuwa palepale juu ya kabati, nyeusi, nzito kama jiwe la kusagia, imefunikwa kitambaa cha kufuma kilichoning’inia mbele hadi kwenye miguu yake. Kitambaa hicho alikifuma mama yao, akiwa hoi kitandani, kwa miezi minne. Katika nyumba ile hakikuondolewa ila kwa kufuliwa, na hakikufuliwa ila na shemeji. Fundi alikikunja kidogo pembeni, kwa vidole viwili, akazunguka nyuma. Alitibu mashine ile yote kama daktari anayempima mgonjwa bila kumtazama usoni.

“Izime. Iwashe. Haya, nyamaza usikilize. Umesikia *tak*?”

“Nimesikia. Wewe hukusikia?”

“Nakupima wewe.”

Uongo. Sikio lake la kushoto lilistaafu mwaka juzi bila kuaga, na la kulia lilikuwa likifanya kazi nusu siku. Hakuna aliyejua. Fundi wa redio asiyesikia ni sawa na mpishi asiyeonja: watu wataendelea kumsalimia tu.

Ile *tak* ilimpa moyo. Ni swichi ndogo ya ndani inayofungulia spika njia mashine ikijiona nzima. Basi mgonjwa hakuwa risiva. Akageukia spika. Alizichomoa moja moja, akagusisha ncha za waya kwenye betri ya tochi huku vidole vikiwa juu ya ngozi ya spika. Ikishtuka, ni nzima. Zote zilishtuka. Waya hazijakatika. Fyuzi nzima. Nyuma aliona nyuzi nyingine mbili zilizopakwa rangi pamoja na ukuta zikipanda darini. Akadhani ni za antena, akaziacha.

“Saa tano na nusu,” shemeji alisema. “Nichemshe maji ya ndevu?”

“Nilisema wembe mkavu.”

“Ulikuwa na nywele kichwani ulipoyasema hayo. Kaka yako alicheka mpaka akamwaga soda.”

“Akamwagia suruali yangu.”

“Mpya.”

“Ya kuazima.”

Walicheka, kisha kicheko kikaisha chenyewe, kama maji ya bomba. Fundi alitazama dari. Huko juu kaka yake alimshikia tochi kwa meno, mikono ikivuta waya, akimtukana kwa herufi zisizohitaji midomo. Yote waliyowahi kuyajenga pamoja yalikuwa ni mashine ile na nyaya zake.

Shemeji akaenda jikoni kuepua chai. Fundi, ambaye siku zote hupima spika kwa sauti ndogo, alikata tamaa, akapenyeza mkono chini ya kitambaa, akazungusha kitufe cha sauti hadi mwisho. Akaegemea ukuta akasubiri. Kimya.

“Shemeji!” Mjane aliita kutoka kwenye ujia, birika mkononi. “Nani anaimba chumbani kwa mama?”

Chumba kile kilikuwa stoo tangu mama afariki. Aliufungua mlango, Fundi nyuma yake, na wimbo ukamtokea usoni kama mtu aliyefungiwa. Chini ya kitanda, nyuma ya masanduku, spika mbili ndogo zilikuwa zinapiga kelele hadi vumbi linaruka.

Fundi akakumbuka. Mama hakuweza kufika sebuleni, na hakukubali kupitwa na matangazo ya vifo redioni. Alitaka kujua nani kamtangulia. Basi wakamvutia waya wake, na kitufe chake mbele ya risiva: A sebuleni, B kwa mama. Alirudi mbio, na kwa mara ya kwanza siku ile akakiinua kitambaa. Taa ya B ilikuwa inawaka.

“Ijumaa nilikifua,” shemeji alisema taratibu. “Nilipokivalisha nilikibonyeza kwa kidole, kikae sawa.”

Fundi akabonyeza A. Sebule ikajaa, hadi shemeji akapunguza sauti.

Saa sita mnunua vyuma alipogonga, shemeji alimpa pasi iliyoungua na sufuria mbili zisizo na mikono. “Na lile redio, mama?” aliuliza.

“Lile linasema,” akafunga mlango. Kisha akamgeukia fundi. “Basi halikunyamaza hata siku moja. Ndevu zako zimepona.”

“Nilijua.”

“Shemeji. Ulikuwa umeegemea ukuta wa chumba hicho hicho.”

“Nilikuwa nafikiri.”

Alimtazama kidogo. Alikwenda kwenye risiva, akaongeza sauti, akamvutia kiti karibu na spika ya upande wa kulia, akammiminia chai. Walikaa hivyo saa nzima wakisikiliza, na kitambaa kikiwa kimekunjwa juu.

Akiwa njiani kurudi, Fundi Sikio alisimama dukani. Mwenye duka alimuuliza mara mbili anataka nini.

Kwake risiva ilikuwa imenyamaza; alinunua wembe mmoja, shilingi hamsini.