Swala wa Picha ya Kwanza

Katika kikundi chetu cha kujitolea, mume wangu ndiye aliyekuwa swala bora. Ukishafunga kamera kwenye mti kule msitu wa Mau, juu ya Keringet, lazima mtu atambae mbele yake kwa mikono na magoti, ili mjue kama imekaa kwenye kimo cha mnyama. Baada ya hapo mnaiacha, nayo inapiga picha yenyewe kila kitu kikipita. Sisi wengine tuliona haya kutambaa, au tulisingizia mgongo. Yeye alivua koti, akashuka kwenye matope, akaweka vidole kichwani viwe pembe, kisha akaniuliza, "Mathe, umeniona?"

Mimi nilikuwa nimesimama kando ya mti nikiangalia taa ndogo nyekundu ya kamera. Ilipowaka nilimjibu, "Nimekuona, mzee. Inuka, hiyo suruali ni mimi huifua."

Tulikuwa tunamtafuta bongo, yule swala mkubwa mwekundu mwenye mistari myeupe ubavuni. Wenyeji walituambia bado yupo. Mume wangu aliwaamini. Mimi nilisema tunapoteza betri kwa nungunungu na majani. Tukirudi nyumbani Lanet alisimulia habari za bongo mpaka chai ikapoa, nami nikamwambia basi aende akamwoe.

Kamera ya mwisho aliyotambaa mbele yake tuliifunga kando ya kijito, mvua ya masika ikikaribia. Moyo wake ulisimama kabla mvua hiyo haijaisha.

Barabara ilipokauka, kikundi kilipanda kwenda kuchukua kadi ya kamera hiyo, nikaenda nao. Sikuwa na haja na bongo. Nilijua picha za kwanza kwenye kadi ile ni za mume wangu, na nilijua pia desturi yetu: picha za watu hufutwa, zikabaki za wanyama peke yake.

Tulikuja kuitazama sebuleni kwangu. Mwalimu mstaafu anayetuongoza aliiweka kwenye laptop, akaanzia mwisho kama kawaida yake. Majani. Nungunungu. Majani tena. Halafu, kando ya kijito, bongo mzima, amegeuza shingo, mistari yake ikionekana yote. Watu walishikana mikono, mmoja akafuta machozi. Nilifurahi, kweli nilifurahi, kisha nikapandwa na hasira. Alikuwa wapi mnyama huyu siku zote zile tulizomngoja tukiwa wawili?

"Mwalimu, nenda mpaka mwanzo," nikasema.

"Huko ni zile za kujaribu tu, mama. Nitazifuta baadaye."

"Usifute. Nenda."

Akaenda. Mume wangu alikuwa pale, ndani ya matope, mahali palepale aliposimama bongo, vidole kichwani, mdomo wazi. Picha haina sauti, lakini nilijua anauliza nini. Ningemtoa bongo yule, na msitu wote alimotoka, nisikie upuuzi ule mara moja tu.

Mwalimu aliondoa mkono wake kwenye laptop.

"Nimekuona, mzee," nikamjibu.

Kumwambia ainuke sikuweza.