Mtoki wa Mguu wa Kushoto

Kisiki cha muwa kilinichoma kisiginoni shambani kwangu Ruaha. Nikapaka chumvi, nikaendelea na palizi. Siku ya tatu nikavimba mtoki kinenani, mgumu kama kokwa. Kidonda nilishakisahau, mtoki ndio ulionitia hasira. Niliukanda kwa maji ya moto, nikauminya kwa kidole gumba kama ninafukuza mgeni mkorofi. Wapi! Nikachechemea hadi zahanati.

Daktari, binti wa rika la mwanangu wa mwisho, aliniamkia shikamoo. Nikaitikia, nikamwambia anipe dawa ya kuuondoa.

"Mama, usiuminye. Hapo kuna kazi inafanyika."

Akanieleza huku akisafisha kisigino. Seli ya kinga ilimmeza mdudu aliyeingia kidondani, ikamkatakata, ikaweka kipande cha mdudu huyo juu ya mwili wake yenyewe, kionekane. Kisha ikapanda nacho kutoka kisiginoni hadi kwenye mtoki. Huko inakionyesha kwa seli nyingine, moja baada ya nyingine, mpaka ipatikane inayokitambua. Hiyo huzaana, na watoto wake hushuka kupigana.

"Itamtambuaje mdudu ambaye haijawahi kumwona?"

"Kila seli ilizaliwa ikiwa na mdudu wake wa kumtambua, mama. Nyingine humsubiri maisha yako yote, na asije."

Nilikuwa bado nimeshika kinena. Nikaondoa mkono taratibu, kama mtu aliyegundua ameingia nyumba ya watu bila kupiga hodi.