Siku Tuliyolilaza Bawa

Mwaka ule mama alikuwa na kidonda kwenye unyayo. Sukari ilikizuia kufunga, na kila Ijumaa ilibidi kikasafishwe mjini. Sisi tulikaa upande wa Chala. Hospitali ilikuwa Sumbawanga. Mabasi yalifika kwetu yakiwa yameshajaa, na mama hakuweza kupanda ngazi zake wala kusimama njia nzima kwa mguu ule. Kwa hiyo tulikwenda na gari la kaka. Mimi nilikuwa nimemaliza chuo cha ualimu nikingoja kupangiwa shule, na kazi yangu ilikuwa kukaa nyuma, magoti yakigusa kidevu, nikishika chupa ya maji.

Gari lenyewe halikuwa la barabara zetu. Lilikuwa jekundu, la milango miwili, la chini kiasi kwamba mbuzi aliweza kuchungulia ndani bila kuinua kichwa. Ilikuwa miaka ile magari yaliyochokwa na wenyewe huko Japani yalipoanza kumiminika nchini, na mtu aliyehangaika vya kutosha mjini aliweza kurudi kwao na kitu cha ajabu. Kaka alikuwa amehangaika Dar es Salaam miaka mingi. Hakurudi na mke. Hakurudi na bati hata moja la kuezekea. Alirudi na gari lile, na juu ya buti yake kulikuwa na bawa: ubao mrefu, mwembamba, uliolala kama kope. Gari likishika kasi, bawa linajiinua lenyewe. Likipunguza, linalala tena. Kaka alisema kazi yake ni kuligandamiza gari ardhini lisipeperuke.

Katika matuta na vumbi la kwetu gari halikuifikia kasi hiyo hata mara moja. Lakini karibu na usukani palikuwa na kitufe, na Jumapili, watu wakitoka misani, kaka alikibonyeza. Mota ilinong'ona, bawa likapanda polepole, na wakulima wa mahindi waliovaa makoti yao mazito wakasimama kutazama.

"Linaruka lini?" aliuliza mmoja wao.

"Mkimaliza kulima uwanja," kaka akajibu, na watu wakacheka. Yeye alitazama pembeni, kuelekea vilima, kana kwamba bawa lilikuwa la mtu mwingine. Mimi nilimjua. Ile ndiyo nyumba aliyojenga, na ndiye mke aliyemleta.

Ijumaa moja aliliacha bawa limesimama, maana mgeni fulani alikuwa ametaka kuliona, kisha akaingia ndani kumalizia chai. Mama alikuwa tayari kwa safari. Hakuwahi kwenda hospitali mikono mitupu. Kila mara alimpelekea unga wa ulezi muuguzi aliyemwosha kidonda, kwa sababu mtu anayekuinamia mguuni, alisema, huwezi kumwambia asante kwa mdomo tu. Siku hiyo gunia lilikuwa kubwa kuliko kawaida na buti ilikuwa imejaa tairi la akiba. Na kwetu kila kitu kinasafiri kwa baiskeli. Mahindi yanakwenda mashineni kwa baiskeli, kuni zinarudi kwa baiskeli, na mtu mwenye mzigo hutafuta keria. Mama alitazama nyuma ya gari, akaona kitu kimeinuka, chembamba, imara, mahali pale pale keria inapokaa. Hakuwa na shaka. Akaegemea gari, akalifunga gunia kwa mipira ya tyubu, akakaza kama anavyokaza mtu anayejua njia ni mbaya.

Kaka akatoka, akaketi, akabonyeza kitufe bila kugeuka.

Mlio ule ulikuwa kama wa mtu anayetafuna mchanga.

"Mama, nani kafunga gunia pale?"

"Mimi. Si keria?"

"Siyo keria, mama."

"Sasa wameliweka nyuma la nini?"

Kaka aliachia kitufe. Akashuka, akafungua mipira, gunia likaja kukaa mapajani mwangu.

Tangu siku hiyo bawa halikupanda wala kulala. Lilibaki nusu, limeinama upande, na mota yake haikunyamaza. Ilivuma hata ufunguo ukitolewa, ikainyonya betri mpaka ikaisha. Fundi mmoja mjini aliinamisha sikio kwenye buti, akasikiliza, akasema, "Chomoa soketi, lilaze kwa mkono, sahau."

"Nitaagiza mota Dar," kaka alisema.

"Sawa. Lakini kwa leo, chomoa."

Kaka alishusha mfuniko wa buti, tukaondoka. Akaanza utaratibu wake: kila jioni anafungua boneti na kutoa waya wa betri, kila asubuhi anaurudisha. Na kila Ijumaa mota ilivuma mgongoni mwangu kwenda na kurudi, nikafika nyumbani nikiusikia mvumo kwenye meno. Nilimwambia tumechoka wote, alichomoe tu.

"Likichomolewa limekufa," alinijibu. "Sasa hivi linaumwa."

Katika nyumba yetu mwaka ule kuumwa kulikuwa bado ni tumaini.

Kisha ikaja Alhamisi ambayo kaka alishinda akivuna mahindi ya mama, maana mama hakuweza kuingia shambani. Alirudi amepauka kwa vumbi, akalala na nguo zake, na boneti haikufunguliwa. Asubuhi alizungusha ufunguo, gari halikusema kitu. Na gari lile lilikuwa la gia za otomatiki. Hata likisukumwa na kijiji kizima haliwaki. Jirani yetu, mfugaji aliyehamia na ng'ombe wake kutoka upande wa Shinyanga, alikuja na maksai wawili waliofungwa nira, yeye mwenyewe akiwa na mnyororo begani.

"Nifunge wapi?"

"Halivutiki likawaka, mzee. Hata ukilifikisha Namanyere."

"Gari gani hili linalowashinda ng'ombe?" Aliwatazama maksai wake kama anayewaomba radhi kwa kuwaamsha. "Basi nitamvuta mama kwa mkokoteni."

"Mpaka Sumbawanga?"

Mzee alifikiri. "Tungefika keshokutwa," akasema.

Mama alikuwa ameketi kiti cha mbele, kitenge kizuri, mguu umenyooshwa, unga mapajani. Alikaa hivyo hadi jua likapanda na basi la mwisho likapita bila kusimama. Ndipo akasema, "Nishusheni."

Ijumaa iliyofuata tulikwenda na betri ya kuazima. Muuguzi alifungua bandeji, harufu ikajaa chumbani. Alimwita daktari. Daktari alikuwa mtu wa sauti ndogo. Alisema kidonda kimeanza kuingia ndani, na usafishaji mwingine ukikosekana, mazungumzo yatakuwa ya kukata vidole, pengine na zaidi ya vidole.

"Nitalima?" mama aliuliza.

"Njoo Ijumaa, mama," alisema. "Usikose Ijumaa."

Tukaanza safari ya kurudi. Upepo wa Julai ulikuwa ukipiga uwanda mtupu, mabua yamelala, na mota ikavuma nyuma yetu kama nzi aliyefungiwa kwenye kopo. Tulipofika nyumbani kaka hakunawa hata uso. Alifungua buti, akatoa tairi, akang'oa zulia na ubao wa ndani, akaingiza mkono mpaka begani.

"Shika bawa," aliniambia. "Lisinidondokee."

Mama alikuwa kwenye mkeka upande wa nyumba usiofikiwa na upepo, mguu juu ya kigoda. "Mnafanya nini?"

"Tunalilaza."

"Liache, baba. Nitapanda basi."

"Kwa mguu upi?"

Mama aliutazama mguu wake, kisha akaanza kucheka, kicheko kidogo cha puani, na kaka naye akacheka akiwa amejikunja humo butini, uso umeegemea chuma. Vidole vyake vilikuwa vikitafuta. Nilisikia kitu kikiachia, na mvumo ukakatika.

Sikuwa nimejua ulikuwa mkubwa kiasi gani. Kuku walisikika. Mtu alikuwa akitwanga nyumba ya tatu.

Bawa lilikataa kushuka. Tulilisukuma wote wawili, likagoma, mwishowe kaka akaniambia nilikalie. Nililikalia. Kitu kilivunjika ndani, bawa likalala, nami nikalala nalo. Kaka alilifunga kwa waya wa kuchomea nyama lisigongegonge njiani, akarudisha ubao, zulia na tairi. Alifanya yote taratibu, kama mtu anayefunika mtoto. Alipomaliza alikaa chini akiegemea gurudumu, akafumba macho hapo hapo juani.

Jumapili watu waliotoka misani walimwomba aliinue. "Limelala," alisema, akawasha gari, tukaondoka na watu wangali wamesimama.

Ijumaa gari liliwaka mara ya kwanza alipogusa ufunguo. Muuguzi alifungua bandeji, akainama karibu sana, akabonyeza kingo kwa pamba. Hakusema kimepona. Alisema hakijazama zaidi, na pembeni nyama imeanza kuwa nyekundu. Alimshika mama bega akaendelea na kazi.

Nilitoka nje kumwambia kaka. Alikuwa amesinzia kwenye usukani, mdomo wazi, vumbi kwenye kope. Nikagonga kioo.

"Vidole vipo," nikasema.

"Vyote?"

"Vyote."

Alijifuta uso kwa kiganja. "Lini tena?"

"Ijumaa."

Akaitika kwa kichwa, akashuka, akazunguka upande wa pili, akakisukuma kiti cha mbele hadi mwisho ili mama apate kunyoosha mguu.